Picha Tisa za Ngwazi

Fundi wa Mafinga aliing'oa kamera yangu kioo kimoja,
chembamba kama gamba la kitunguu,
akanirudishia: sasa inaona kilicho chini ya wekundu.
Sikuelewa. Nililipa, nikapanda pikipiki hadi Ngwazi.

Saa saba mchana, jua la utosi,
saa ambayo mpiga picha mwenye akili amelala,
nikasimamisha miguu mitatu juu ya tuta
nikapiga picha tisa, kushoto kwenda kulia,
kila moja ikilalia theluthi ya mwenzake
kama bati juu ya bati.

Usiku nikazishona.
Mbingu ikatoka nyeusi kama sufuria la msibani,
bwawa jeusi, mawingu yameumuka,
na chai, ile chai ya kijani tuliyoizoea hadi hatuioni,
imetoka nyeupe. Nyeupe ya pamba. Nyeupe ya mvi.
Nikaichapa karatasi ndefu kama mbeleko,
nikaikunja begani, nikaenda kwa Kihwele.

Kihwele amepiga picha za pasipoti miaka thelathini,
hajawahi kupiga mlima hata mmoja.
Hakusema nzuri. Alivaa miwani.
"Upeo wako umelewa," akasema, "umeegemea Makambako.
Hapa mshono umefumuka: mkaratusi huu
una shina moja na vichwa viwili.
Na huyu mama mwenye tenga,
mbona yupo mara tatu?"

Nikaeleza: alikuwa anatembea nilipokuwa nageuza kamera,
yeye kwenda kulia, mimi kwenda kulia,
tukafuatana bila kujuana.
"Basi umemfanyisha vibarua vitatu," akasema,
"kwa ujira wa nani?"

Akatoa vipande viwili vya kadibodi, pembe kwa pembe,
akavitembeza juu ya karatasi yangu,
akaifunika mbingu, akalifunika bwawa nililolipenda,
akafungua, akafunga, kama mtu anayetafuta dirisha
kwenye nyumba iliyojengwa bila dirisha.
"Umeita kijiji kizima mkutanoni,
na hakuna aliyesema neno."

Nilijibu ndiyo mzee. Moyoni nilijibu vingine:
wewe wa mabega na pazia la bluu,
unajua nini kuhusu upana?

Siku tatu sikugusa kamera.
Ya nne nikaenda kumtafuta mwenye tenga.

Desderia Luvanda aliipokea
kwa vidole vilivyoiva weusi wa utomvu.
Hakujitafuta. Wala hakucheka kujiona watatu.
"Hii ni sakitu," akasema.
"Mwaka ule tuliamka shamba liko hivi hivi,
kufika mchana limebabuka lote,
mwezi mzima mizani haikupima jani."

Siyo, nikamwambia. Hapa weupe ndio uzima.
Jani zima hurudisha mwanga ambao macho hayaupati;
linaloumwa ndilo huingia giza.

Akasogeza kidole taratibu
hadi picha ya saba, chini kabisa, karibu na ukingo,
mahali alipopapita Kihwele, nami nikapapita:
kichaka kimoja cha kijivu
katikati ya weupe wote.
"Hiki nilimwonyesha nyapara.
Akasema mbona kijani kama vingine."

Jumamosi nikarudi. Sikuzungusha kitu.
Nikapiga magoti kwenye tope, fremu moja:
kichaka cha kijivu mbele, kushoto kidogo,
nyuma yake safu nyeupe zikipanda
mpaka zinaikata mbingu,
na Desderia, mara moja tu,
mgongo kwetu, tenga limemla nusu.

Kihwele alivaa miwani, akavua, akavaa.
Akazishika kadibodi zake,
akazirudisha mezani bila kuzitumia.
Nje fuso la mbao lilikuwa linapiga honi.
"Upeo," akasema,
"bado unaelekea Makambako."